Gari Lililomwogopa Bibi

Jirani yangu hapa Nachingwea huchoma korosho nyuma ya nyumba kila Jumamosi, na kila Jumamosi wapangaji wenzangu hulalamika. Moshi wa korosho si wa mchezo. Maganda yana mafuta, na yakishika moto hutoa wingu jeusi zito linaloingia kwenye mapazia, kwenye nguo za kanisani, mpaka kwenye chai. Wenzangu hufunga madirisha. Mimi hufungua langu. Nimeshaulizwa mara kadhaa kama pua yangu ni nzima, na nimejibu kwamba ni nzima kuliko zao, na kwamba moshi huo uliwahi kumwokoa bibi yangu na kuniaibisha mimi siku hiyohiyo, mbele ya uwanja mzima wa watu. Wao hucheka wakidhani natania, na jirani huniletea kisahani.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alikuwa na kigari chekundu cha milango mitatu, kikuukuu, kilichobabuka rangi juu ya boneti. Alikipenda kupita kiasi. Kila aliyekisogelea aliambiwa, "Hili si la kabureta. Hili ni la nozeli." Mimi sikujua nozeli ni nini. Kwa jinsi Baba alivyolitamka neno hilo nilidhani ni cheo, kitu kama paroko, na nilipokuwa nimekaa kiti cha nyuma nilikaa kwa adabu.

Kila mwezi tulikwenda Mbekenyera kumwona Bibi, mama mzazi wa Baba. Mama mara nyingi alibaki nyumbani na mdogo wangu mchanga, kwa hiyo safari ilikuwa ya Baba na mimi, vumbi na mikorosho njia nzima. Kwa Bibi kulikuwa na utaratibu wake. Mgeni haingii uwanjani na gari, hata kama mgeni huyo alizaliwa katika uwanja uleule. Unasimama pale zinapoishia alama za ufagio, unapiga hodi, unasubiri. Baba hakuzima injini wakati wa kusubiri kwa sababu selfu ya kuwashia ilikuwa na maringo, ikizimwa ikiwa ya moto inagoma kuwaka. Na Bibi hakuwa mtu wa kuharakishwa. Alimaliza kwanza alichokuwa anafanya, akajifunga khanga yake upya, akagonga kikopo cha ugoro, ndipo alipotoka na kutukaribisha.

Miezi ya mwanzo gari lilimsubiri kwa utulivu. Mabadiliko yalikuja baada ya mavuno ya karanga, na hapa lazima niseme jambo mapema. Siku moja Bibi alitugawia wajukuu wote karanga kavu. Watoto wa baba mdogo, Beno na wenzake, walimaliza zao wakiwa wamesimama na kuanza kuzitazama zangu. Nikachana kipande cha khanga kuukuu ya Bibi iliyokuwa inatumika kushikia sufuria, ile ya maua ya zambarau, nikafunga fundo. Baba alikuwa ameacha boneti wazi akaenda kuchota maji ya rejeta. Nikalisokomeza fundo langu nyuma ya betri, chini kabisa, mahali ambapo mkono wa Beno usingefika. Kisha tukaitwa kula, na kwa sababu kulikuwa na kuku, nikazisahau karanga moja kwa moja.

Mwezi uliofuata, tuliposimama penye alama za ufagio, gari lilianza kutetemeka. Si kidogo. Vioo vilitetemeka, kiti kilitetemeka, rozari iliyoning'inia kwenye kioo cha ndani ikawa inagonga dirisha la mbele, tik tik tik. Bibi akatoka. Alipofika karibu gari likatetemeka zaidi, na alipoweka kiganja juu ya boneti na kusema "Karibuni," likazima. Mwezi mwingine likafanya vilevile. Njiani lilikuwa zima, linakimbia vizuri tu. Nyumbani Nachingwea pia sikuona tatizo, maana nyumba yetu iko mteremkoni na Baba alikuwa anazima injini kule juu na kushuka kimyakimya ili kuokoa mafuta. Kwa hiyo mimi nililiona gari likitetemeka mahali pamoja tu duniani, mbele ya mtu mmoja tu. Jibu lilikuwa wazi kabisa.

"Bibi," nikamwambia, "gari la Baba linakuogopa."

Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Yeye aliniita "mke mwenzangu", na mimi nilikuwa na ruhusa ya kumwambia mambo ambayo Baba asingethubutu hata kuyawaza. Bibi alicheka mpaka ugoro ukamwagika. "Liniogope tu, mke mwenzangu. Hata mume wetu aliniogopa." Tangu siku hiyo ukawa mchezo wetu. Akitoka nyumbani anakunja uso, analikaribia gari kwa kunyata, kisha anainama mbele ya taa na kusema, "Buu!" Gari linakohoa, linazima. Tunacheka hadi tunakaa chini. Baba peke yake hakucheka, yeye alikuwa anawaza nozeli zake.

Ningeuacha utani pale uwanjani, mambo yangeishia hapo. Lakini nilikuwa mtoto mwenye mdomo. Niliupeleka kisimani, nikawasimulia wenzangu, nao wakawasimulia mama zao. Jirani wa Bibi, Mama Salome, alikuwa mwanamke mwema wa kukopesha chumvi na kulea watoto wa watu, ila neno likimfikia halitoki kwake likiwa na ukubwa uleule. Kilichochekesha kati ya bibi na mjukuu hakikuchekesha tena kilipofika huko. Mjane mzee, anaishi peke yake, na chuma kinamtetemekea. Hakuna aliyelitaja lile neno baya. Ila siku moja nilikwenda na Bibi kisimani, na nikaona wanawake wawili wakisogeza ndoo zao alipopita. Bibi alichota maji, akajitwika, akarudi bila kusema kitu, na siku hiyo hakulifanyia gari "Buu".

Wakati huohuo ilikuwa inakaribia harusi ya Shangazi Tekla, kitindamimba wa Bibi. Misa ingekuwa Ruangwa mjini, na gari la bi harusi lilikuwa letu. Utaratibu ulikuwa kwamba litamchukua uwanjani kwa Bibi, liende mwendo wa miguu nyuma ya ngoma na akina mama wanaoimba mpaka barabara kubwa, likisimama kila mahali watu watakapotaka kucheza. Bibi angekaa kiti cha mbele. Ndivyo lilivyopangwa, mpaka Bibi alipomwita Baba barazani, mimi nikiwa nimejilaza kwenye mkeka pembeni wakidhani nimelala.

"Mie siendi," alisema.

"Mama, unasemaje? Mtoto wako wa mwisho anaolewa."

"Gari likizima mtoto yumo ndani na mie nimekaa mbele, watasema nimelizima mie. Tekla ataanza ndoa yake na maneno hayo. Nitabaki hapa. Mtaniletea pilau."

Baba akasema basi atatafuta gari jingine. Bibi akatikisa kichwa. "Ukileta jingine ndiyo umewajibu. Watasema hata mwanangu ameamini."

Mimi nilibaki nimefumba macho kwa nguvu. Nilijua maneno hayo yametoka wapi. Yalitoka kinywani mwangu, na sasa yalikuwa yanamnyima bibi yangu harusi ya mwanawe. Niliona afadhali ningechapwa.

Tuliporudi Nachingwea, Baba alilipeleka gari kwa Fundi Nambunga. Huyu alikuwa mtu wa malori, mpole, mchache wa maneno, aliyezoea kusikiliza injini kwa kuegemeza bisibisi ndefu sikioni. Baba alikwenda nami huko kila jioni baada ya shule, nami nilikaa juu ya tairi nikiomba Mungu. Fundi alibadilisha plagi, gari likatetemeka. Akasafisha eya klina, lile chujio la hewa, akafungua nozeli zinazonyunyizia injini mafuta na kuzipuliza, gari likatetemeka. Kisha akafanya jambo lililonishangaza. Injini ikiwa inaunguruma, alichomoa waya wa plagi mmoja, akasikiliza, akaurudisha, akachomoa wa pili, mpaka akamaliza zote nne.

"Ingekuwa plagi moja ndiyo mgonjwa, ningechomoa waya wake nisisikie tofauti yoyote," alimwambia Baba. "Lakini kila nikichomoa, gari inazidi kulalamika. Maana yake zote nne zinafanya kazi. Shida si ya moja, ni ya zote kwa pamoja."

"Sasa?"

"Hii gari ina kompyuta, Mwalimu. Inahesabu hewa inayoingia, halafu inapima mafuta kulingana na hewa hiyo. Kuna mahali inavuta hewa ya wizi, ambayo kompyuta haijaihesabu. Ikikimbia inavuta hewa nyingi, kwa hiyo ya wizi haijulikani. Ikiwa sailensi, imesimama tu inaunguruma, inahitaji hewa kidogo sana. Hapo hiyo ya wizi inaharibu kila kitu."

Nilimwuliza kama gari linaweza kumwogopa mtu. Hakunicheka. Alisema katika kazi yake hajakutana nalo, lakini akikutana nalo ataniambia.

Mipira ya hewa ilikuwa mingi, mingine imepita chini ambako macho hayafiki. Alipitisha povu la sabuni kwenye ile aliyoweza kuifikia, asione kitu. Siku zikaisha. Mwishowe alisema, "Na mimi si mmenialika? Twende wote. Nitaendelea kuitafuta hukohuko."

Siku moja kabla ya harusi uwanja wa Bibi ulikuwa umejaa. Akina mama walichagua mchele, vijana walijenga turubai, na Mama Salome na wenzake walichoma korosho kwenye bati lililotobolewa matundu, mbali kidogo na gari, upande upepo unakotokea. Gari lilikuwa penye alama za ufagio, boneti juu, linaunguruma na kutetemeka, rozari inagonga kioo. Fundi alikuwa ameinama upande mmoja na Baba upande wa pili. Bibi alikuwa barazani na kikopo chake cha ugoro, amegeuzia gari mgongo. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya kinu kilichopinduliwa ili nione ndani.

Korosho zikashika moto. Wingu jeusi likainuka, upepo ukalisukuma, likatufunika sote. Baba akakohoa, Fundi akafumba macho. Mimi nilikuwa nimeziba pua lakini macho nimeyaacha wazi, na nikaona moshi ukipita taratibu juu ya injini, ukielekea zake upande wa pili. Wote ulielekea huko, isipokuwa uzi mmoja mwembamba. Huo ulipofika nyuma ya betri ulipinda, ukashuka chini, ukapotea. Mwingine ukafuata, nao ukapinda palepale.

"Baba, gari linavuta."

"Linavuta nini?"

"Linavuta moshi. Pale. Kama Bibi anavyovuta ugoro!"

Mikono iliyokuwa inachagua mchele ilisimama. Hata mimi, kwa utoto wangu, nilijua kwamba nimemtaja Bibi na gari katika pumzi moja kwa mara nyingine. Lakini Fundi Nambunga alifumbua macho. Alitazama ninapoonyesha, akasubiri moshi mwingine uje, akauona unavyoinama. Akakunja mkono wa shati, akaupenyeza nyuma ya betri mpaka kwenye kiwiko, akapapasa, kisha akakandamiza kitu kwa kidole gumba.

Gari likatulia.

Lilitulia mpaka tukasikia kuku. Rozari ikayumba mara mbili tatu na kusimama. Fundi akaachia kidole, likatetemeka. Akakandamiza, likatulia. Alifanya hivyo mara kadhaa, uso wake umejaa furaha kama mtoto aliyepewa filimbi. "Mpira umetoboka," alisema. "Tena kuna kitu kingine huku."

Akavuta. Kikatoka kitambaa kimeungua pembeni, kimetafunwatafunwa, kimefungwa fundo. Khanga ya maua ya zambarau. Hapakuwa na mtu Mbekenyera asiyeijua khanga ile.

"Yesu wangu," alisema Mama Salome.

Fundo la khanga ya Bibi, lina vitu ndani, limefichwa kwenye injini ya gari la bi harusi. Sikuelewa kwa nini watu walirudi nyuma, lakini nilimwona Bibi. Alikuwa ameinuka, na amelitambua. Kisha nikamwona Baba akimtazama mama yake, na katika macho ya Baba, kwa muda mfupi sana, palikuwa na swali. Hilo ndilo lililonitoa juu ya kinu.

"Ni zangu!" Nilipiga kelele nikiwa chini, goti limechubuka. "Ni karanga zangu! Niliwaficha kina Beno! Mimi ndiye niliyechana khanga!"

Fundi akalifungua fundo polepole kwenye kiganja, watu wote wakachungulia. Yakamwagika maganda ya karanga, karanga tatu zilizobaki, na mavi ya panya.

"Panya," alisema Fundi kwa sauti yake ileile. "Amekuja kula karanga, akashushia na mpira."

Aliyeanza kucheka ni Bibi. Alicheka akashika nguzo, akacheka akakaa, akajipangusa machozi kwa ncha ya khanga. Baba akamfuata, akicheka huku ameinamisha uso, na nadhani aibu yake ilikuwa kubwa kuliko yangu. Uwanja mzima ukalipuka. Bibi alipopata pumzi akamnyooshea Mama Salome kidole. "Na wewe njoo ukague vizuri, usije ukasema huyo panya nimemtuma mie."

Mama Salome alikuja, akakagua, akacheka kuliko wote. Korosho zikaungua.

Fundi alikata kipande cha mpira wa bomba la zamani la kupulizia mikorosho lililokuwa stoo, akakifunga kwa waya mahali pa kile kilichotafunwa. Baba alitaka kunichapa, lakini Bibi alisema mtani wake atahukumiwa na yeye. Adhabu yangu ilikuwa nizunguke kila nyumba utani wangu ulikofika, na fundo lile mkononi, niseme kilichotokea. Nilizunguka mpaka jua likaanza kuzama. Nyumba ya tano nilikuwa nimeshaipenda hadithi, na nyumba ya nane panya alikuwa amefikia ukubwa wa paka.

Asubuhi ya harusi Baba alikuwa ameshaliegesha gari, limefungwa maua na riboni. Bibi akamwamuru aliondoe, aende mpaka njia panda, arudi kama mgeni. Baba alitii. Alirudi, akasimama pale zinapoishia alama za ufagio, injini inaunguruma, akapiga hodi. Bibi hakutoka. Watu walijipanga pande zote mbili, Shangazi Tekla mlangoni na shela lake, ngoma zimenyamaza. Tulimsikia ndani akihamisha sufuria. Tukamsikia akigonga kikopo cha ugoro. Alikawia makusudi, na mimi niliitazama rozari nikaisihi isitikisike.

Ndipo akatoka, gauni jipya, khanga mpya begani, akatembea polepole mbele ya macho yote mpaka kwenye gari. Akaweka kiganja juu ya boneti. Gari likaendelea kuunguruma, laini, kama halijamwona. Bibi akageuka, akatutazama mmoja mmoja, na aliponifikia mimi akanikonyeza. Kisha akainama mbele ya taa, akapaza sauti kwa nguvu zake zote.

"Buu!"

Rozari haikutikisika. Sijawahi kusikia vigelegele kama vile, na wa kwanza kupiga alikuwa Mama Salome. Bibi akafungua mlango mwenyewe, akakaa kiti cha mbele, akaweka mikono juu ya mapaja na kumwambia Baba twende, tunachelewa. Tulienda mwendo wa miguu mpaka barabara kubwa, tukasimama mara nyingi kuliko ilivyopangwa, maana kila tuliposimama alitaka tukae kidogo.

Bibi alishafariki, na pale Mbekenyera sasa anaishi Beno na mke wake, ambao hawana habari na alama za ufagio na huniambia niingize gari mpaka mlangoni. Siingizi. Nasimama palepale, naacha injini inaunguruma, napiga hodi, nasubiri kidogo kuliko inavyohitajika. Beno huniuliza nasubiri nini. Mimi hushuka, nikainama mbele ya taa za gari langu, nikaliambia kwa sauti ya chini, "Buu." Halafu ndipo nazima.